Galaksi huzimika, au hukoma kuzaa?

SWALI: Ninaandika makala ya elimuanga. Niliandika, "Galaksi hii ilizimika baada ya mlipuko wa nyota." Mwenzangu anasema nimepotosha wasomaji. Nimekosea wapi?

JIBU: Kisarufi hujakosea. Galaksi umeiweka katika ngeli ya I-ZI, ndipo ikatoka "ilizimika", sawasawa kabisa. Tatizo ni maana, na mwenzako ana haki.

Msomaji akikutana na "mlipuko wa nyota" ataelewa kwamba nyota imelipuka, yaani supanova, kifo cha nyota kubwa. Wewe ulikusudia kinyume chake: kipindi ambacho nyota huzaliwa kwa wingi usio wa kawaida, kama ilivyo katika galaksi ya M82, inayozaa nyota kwa kasi ya takriban mara 10 ya galaksi yetu. Mimi ningeandika "mfumuko wa uzazi wa nyota". Kwa kuwa tumezoea mfumuko wa bei, neno hilo tayari linabeba wazo la kitu kupanda ghafla kupita kiasi.

Sasa "zimika". Taa iliyozimika haitoi mwanga, lakini galaksi unayoieleza ingali inang'aa. Nyota za buluu zenye joto kali huondoka mapema, kwani zilizo kubwa zaidi huishi miaka milioni chache tu. Nyota nyeupe zenye uzito wa karibu mara 2 ya Jua huendelea kuwaka hadi miaka ipatayo bilioni 1. Wanaanga huitambua galaksi ya namna hii kwa dalili hiyo hiyo: mwanga wake una alama nzito za nyota nyeupe, ilhali alama za gesi inayochochewa na nyota changa hazionekani au ni hafifu mno. Ukiandika kwamba imezimika, umezifuta nyota zote hizo, nazo ndizo ushahidi wenyewe!

Kilichokwisha ni uzazi, basi sema "imekoma kuzaa nyota". Nimeona pia "galaksi tasa", na hilo silikubali. Tasa hajazaa kamwe. Hii imezaa, tena sana.

Ukikijua kilichoikomesha, nyambua kitenzi: "uzazi wa nyota umekomeshwa na upepo wa supanova", au "na nguvu zitokazo kandokando ya shimo jeusi", ambazo huipasha joto gesi inayounda nyota au kuifukuza. Mtendaji hutanguliwa na "na", si "kwa". Usipokijua, "imekoma" inatosha, maana haimtaji mtendaji yeyote.

Jihadhari na "iliishiwa na gesi". Ni maneno mazuri, lakini hayafai kila mahali, kwa sababu baadhi ya galaksi hizi zimekutwa zingali na gesi nyingi baridi isiyojikusanya kuwa nyota. Hapo andika wazi kwamba gesi ipo, nyota hazizaliwi. Na kama kuna dalili kwamba galaksi itapata gesi mpya na kuzaa tena, Kiswahili kina "imesita", kitenzi ambacho waandishi wa sayansi wanakisahau bure.

Sentensi yako, kwa hiyo, ningeiandika hivi: "Baada ya mfumuko wa uzazi wa nyota, galaksi hii ilikoma kuzaa nyota mpya, ingawa zile za awali zingali zinang'aa."