Cheni inalia siku mbili tu baada ya kupakwa oili
Kama cheni ya baiskeli inalia tena siku mbili baada ya kuipaka oili, mara nyingi ni mchanga umekwama ndani. Kila pingili ina pini, na juu yake huzunguka rola. Hapo ndipo chuma husaga chuma. Oili ya nje haisaidii kitu, inakusanya vumbi tu.

Chovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, sugua pande zote huku ukizungusha pedali kinyumenyume, futa hadi kitambaa kisitoke cheusi. Iache ikauke kabisa, la sivyo oili mpya itayeyuka na kudondoka. Kisha tone moja la oili ya cherehani kwa kila rola, upande unaogusa meno. Zungusha pedali dakika moja, futa yote iliyobaki nje. Oili chafu ya injini usitie kabisa, ina chembe za chuma.

Ikiwa pia inaruka meno, pima kwa rula: pingili 24 ziwe inchi 12 kamili, pini hadi pini. Ikizidi 1/16 ya inchi, badilisha. Ikifika 1/8, gia ya nyuma nayo imeshalika, na cheni mpya peke yake itaendelea kuruka.