Umeacha sigara na kilo zinapanda: usirudi nyuma

Mkuu, umesema una wiki ya tano bila sigara, umeongezeka kilo nne, suruali hazifungi, na sasa unawaza kurudia mbili tatu kwa siku ili upungue. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wazo hilo hilo ndilo lililonirudisha mimi mwaka 2015, nikavuta tena miaka mitatu na kitu.

Mimi ni dereva wa lori, njia ya Dar–Tunduma. Mara ile ya kwanza, mwezi wa pili tu nilikuwa nimeongezeka kilo sita. Nikaogopa, nikaamua kula mara moja kwa siku, usiku. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi, Makambako, baridi kali, tumbo tupu, kichwa kinagonga, nikamwomba utingo wangu sigara moja. Tunduma niliingia na pakiti mfukoni. Na kilo zile hazikuondoka.

Kwa hiyo usijinyime chakula sasa hivi. Mwili tayari unadai nikotini, kile kitu cha kwenye sigara kinachokufanya uizoee, ukiuongezea njaa utakushinda. Nikotini ilikuwa inakata hamu ya kula, na ilikuwa inaufanya mwili uunguze chakula kwa kasi kidogo zaidi. Ukiitoa, hamu inarudi na kasi inashuka, na juu ya hapo ulimi na pua vinaamka. Mimi wiki ya kwanza nilisikia harufu ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni nikiwa ndani ya kebini, mahali nilipopita miaka kumi na moja bila kunusa kitu. Wanaoacha huongezeka, kwa wastani, kilo nne hadi tano mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huja miezi mitatu ya mwanzo, kisha kasi inapungua. Wapo wasioongezeka kabisa, wapo wanaopita kumi. Lililokupata ni la kawaida kabisa.

Niliacha tena Januari 2019. Safari hii sikugusa milo yangu mitatu, nilishughulika na kilichokuwa karibu na mkono. Piga hesabu: pakiti moja kwa siku ni sigara 20, na kila moja inakwenda mdomoni kama mara kumi. Mkono umezoea safari mia mbili kila siku! Ukiunyima, unatafuta kitu kingine, na wewe unadhani ni njaa. Nilianza na karanga kwenye dashibodi, nikajikuta nusu kilo imeisha kabla ya Iringa, na karanga zina mafuta mengi. Nikabadilisha: karoti na matango yaliyokatwa vipande virefu, chupa ya maji, na karafuu. Punje moja ya karafuu ukiiweka shavuni inakaa muda mrefu, inachoma kidogo, mdomo unatulia. Hamu ya sigara ikipanda hudumu dakika chache tu kisha inashuka yenyewe, uwe umekula au hujala. Nilikuwa naangalia saa.

Kazi kubwa ilikuwa foleni ya malori mpakani Tunduma. Gari limesimama siku mbili, huna la kufanya, chapati zinapita dirishani, maandazi, mayai, soda baridi. Zamani muda huo niliumaliza kwa sigara. Nikaanza kutembea: kutoka mkia wa foleni hadi karibu na mpaka na kurudi, asubuhi na jioni, utingo anabaki na gari. Kule kutembea kulinisaidia kuliko kitu kingine chochote, maana kulishusha hamu ya sigara na hamu ya kula kwa pamoja.

Halafu kuna kahawa, ambayo watu huwa hawaizungumzii. Moshi wa sigara unalifanya ini liondoe kafeini, kile kichangamsho cha kwenye kahawa na chai, mwilini haraka. Ukiacha, vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mimi nilikuwa natetemeka, silali, nikidhani ni arosto ya sigara. Na mtu asiyelala anatamani sukari kutwa nzima. Nilipunguza kahawa kwa nusu, usingizi ukarudi, na ulaji wa usiku ukapungua bila vita.

Zipo bigijii na plasta zenye nikotini, zinaweza kuchelewesha kunenepa wakati unazoea, muulize mfamasia. Na kama unatumia dawa za kisukari au za akili, mwambie daktari wako kwamba umeacha, kwa sababu dozi huenda ikahitaji kubadilishwa.

Kupungua hasa nilianza mwezi wa saba, nilipokuwa na uhakika sigara imeniachia. Nilitoa soda kwanza, kisha nikapunguza tonge la usiku. Nilianza na kilo 74, nikafika 81, sasa nina 77 na nimetulia hapo. Mlima Kitonga gari likiniharibikia nashuka kuweka mawe na kupanda tena bila kuhema, jambo ambalo nikiwa na 74 na sigara sikuliweza.

Niambie unakunywa kahawa au chai vikombe vingapi, na saa ngapi ndipo unazidiwa na kula. Tuanzie hapo.