Jibu: Umri wa kanisa la kijijini Toro

Shalom ndugu. Umeuliza uamini kipi, mwaka uliochongwa kwenye jiwe la msingi la kanisa lenu la Kianglikana huko Toro, magharibi mwa Uganda, au ule wa mapema zaidi unaotajwa na wazee. Kwanza omba daftari la ubatizo la parishi mama, kwa sababu makanisa mengi ya vijijini yalianza kama banda la nyasi chini ya katekista, na kuta za matofali zikafuata baadaye sana. Mimi daftari lilinifaa kuliko vijitabu vya jubilei, ambavyo hunakiliana mno. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimisionari la Kianglikana) walifika Buganda 1877, na mwinjilisti Mganda Apolo Kivebulaya alihudumu Toro katika miaka ya 1890. Mwaka wowote unaotangulia miaka hiyo ya 1890 utilie shaka. Daftari likikosekana, nyaraka za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.