Maswali ya Wasomaji: Gari Jepesi Livae Matairi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari la spoti la viti viwili, Mazda MX-5 la kizazi cha nne lenye injini ya lita 1.5, na matairi lililotoka nayo kiwandani, ya kipimo cha 195/50 R16, yamekaribia kuwa kipara. Fundi wa tairi ananishauri nibadilishe na rimu, nihamie 215/45 R17 ili gari lishike barabara vizuri zaidi. Rafiki yangu anayeshiriki mbio za ridhaa anasisitiza ninunue matairi ya nusu-mbio, yaani yale yenye kashata chache (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami) na mpira laini ambayo bado yanaruhusiwa barabarani. Gari hili hunipeleka kazini kila siku, kuwe na jua au mvua, na mara mbili kwa mwaka hulipeleka kwenye uwanja wa mbio kwa siku ya mazoezi. Nimsikilize nani? Na je, ninaweza kununua mawili tu ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yaliyokwisha zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yetu usimfuate yeyote kati yao, ingawa rafiki yako ameukaribia ukweli kuliko fundi. Gari lako lina uzito wa takribani tani moja, na jambo hilo ndilo linalopaswa kutangulia hesabu nyingine zote, kwa sababu ushauri mwingi unaosikika kuhusu matairi ya mwendo kasi umetokana na magari mazito zaidi na yenye injini kubwa zaidi.

Tuanze na vipimo. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 50 ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia ya upana huo. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukikokotoa utapata tairi lenye kipenyo cha milimita 601 hivi, ilhali lile la 215/45 R17 lina milimita 625, sawa na ongezeko la asilimia 4. Maana yake ni kwamba kila gia itakuwa kana kwamba imerefushwa kwa asilimia 4, gari litapungua uchangamfu wa kuchomoka, na spidomita iliyokuwa ikisoma sawasawa itaonyesha kilomita 96 wakati unakwenda 100. Injini ya lita 1.5 haina nguvu ya akiba ya kufidia hasara hiyo. Tena rimu kubwa aghalabu huwa nzito zaidi, na huo ni uzito usiobebwa na springi, ambao shokabso hulazimika kuutuliza kila gurudumu linapopita kwenye tuta au shimo. Kiwanda chenyewe hufunga 205/45 R17 kwenye baadhi ya matoleo ya gari hilohilo. Kwa hiyo, ukishindwa kabisa kuizuia hamu ya rimu kubwa, ishia hapo.

Upana nao huwapotosha wengi. Eneo la tairi linalogusa lami hutegemea kwa kiasi kikubwa uzito ulioko juu yake na presha ya upepo uliomo ndani, hivyo tairi pana halikupi eneo kubwa zaidi kwa kadiri jicho linavyodhani, bali hulibadilisha umbo likawa pana na fupi. Umbo hilo husaidia kwenye kona kavu. Kwenye maji yaliyotuama mambo hugeuka, kwa kuwa tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni na uzito mdogo zaidi wa kuyasukumia, na gari la tani moja huanza kuelea juu ya maji mapema. Wewe unayekwenda kazini siku za mvua usilipuuze hilo.

Sasa tumgeukie rafiki yako. Matairi ya nusu-mbio hushika barabara kwa nguvu ya ajabu yakishapata joto, na hapo ndipo penye tatizo: gari jepesi likiendeshwa kwa mwendo wa kawaida haliyasugui kwenye lami kiasi cha kuyapasha joto, na kila asubuhi utakuwa unaendeshea mpira ambao bado haujaamka. Kashata zake ni fupi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo uwezo wake wa kufukuza maji huisha mapema, na kelele zake ndani ya gari lenye paa la turubai si jambo dogo. Ukitaka kuyatambua, tazama ubavuni kwenye matairi yaliyowekewa alama za soko la Marekani, ambako kuna namba ya uchakavu, ambayo ikiwa kubwa huashiria tairi linalodumu zaidi. Namba hiyo hutokana na jaribio la maili 7,200, yaani takribani kilomita 11,600, ambamo tairi hulinganishwa na tairi la rejea lililopewa 100. Matairi mengi ya nusu-mbio huandikwa 200 au chini ya hapo, na yale ya mwendo kasi yaliyokusudiwa barabara huwa karibu na 300 au zaidi. Usiichukue namba hiyo kama msahafu, kwa maana kila kiwanda huipanga chenyewe, na 240 ya kiwanda kimoja inaweza kudumu kuliko 300 ya kingine.

Kinachokufaa, basi, ni tairi la kiangazi la daraja la juu la mwendo kasi, katika kipimo chako kilekile cha 195/50 R16, lenye mpira uliochanganywa na silika (madini yapatikanayo kwenye mchanga) kwa ajili ya mshiko wa kwenye maji. Pale unapoikuta lebo ya Umoja wa Ulaya, ambayo tangu Mei 2021 hupanga mshiko wa kwenye maji kuanzia A hadi E, usishuke chini ya B, huku ukikumbuka kwamba hupimwa tairi likiwa jipya. Kama unaishi mahali ambapo majira ya baridi hushusha joto chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa kiangazi utakuwa mgumu na utahitaji seti ya pili. Alama ya 84V ikubaliwe bila wasiwasi: 84 ni mzigo wa juu wa kilo 500 kwa kila tairi, na V ni mwendo wa juu wa kilomita 240 kwa saa. Muuzaji akikuletea yale yaliyoimarishwa ya 88, ambayo kila moja hubeba kilo 560, fahamu kwamba unanunua ubavu mgumu kwa ajili ya mzigo ambao gari lako halitaubeba kamwe.

Tunaongeza neno moja ambalo mafundi wengi hawapendi kulisikia. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012, toleo la 215/45 R17 lilivishwa Michelin Primacy HP, aina iliyokuwa pia ikifungwa kwenye Prius, gari linalosifika kwa kubania mafuta. Wengi walicheka. Hata hivyo wahandisi walikusudia gari lianze kuteleza taratibu na kwa mwendo wa chini, dereva apate muda wa kuhisi kinachotokea na kukirekebisha kwa usukani. Gari jepesi lenye mshiko wa wastani unaoachia polepole hufurahisha kuliko lenye mshiko mkubwa unaokatika ghafla, na huo ndio msimamo wetu hata kwa zile siku zako mbili za uwanjani.

Kuhusu kununua mawili, jibu ni hapana, ikiwa mfuko unaruhusu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na lililopangwa kwa uwiano namna hiyo huonyesha mara moja tofauti ya mpira kati ya mbele na nyuma. Ukilazimika, basi yawe ya aina ileile na mapya yafungwe nyuma, kwa sababu mkia ukichomoka kwenye maji ni vigumu kuurudisha. Siku za usoni, kwa kuwa magurudumu yote manne yana kipimo kimoja, hamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele mara kwa mara yaishe pamoja. Kabla ya kuyafunga mapya, peleka gari likapimwe alaimenti, maana magurudumu yasiyonyooka hula matairi bora upande mmoja kwa haraka ya kusikitisha.

SWALI: Nina Toyota MR2 ya miaka ya 1990. Nimepata matairi manne ya mtumba ya aina inayosifiwa sana, kashata zake zimejaa kabisa, ila ubavuni yana tarakimu 2214. Niyachukue?

JIBU: Usiyachukue. Tarakimu hizo zinasema yalitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, ukapoteza ulaini wake bila kashata kupungua hata milimita moja, na viwanda kama Michelin hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata likionekana zima. Gari lako lina injini nyuma ya viti, na dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito huhamia mbele na nyuma hubaki na matairi magumu yasiyoshika. Ni kati ya magari yasiyosamehe kosa hilo. Vilevile hakikisha vipimo, kwa sababu matoleo ya kuanzia 1993 huvaa 195/55 R15 mbele na 225/50 R15 nyuma. Manne yaliyo sawa yangevuruga uwiano ambao kiwanda kiliukusudia, na kwa gari kama lako matairi hayahamishwi kati ya mbele na nyuma.

SWALI: Kila ninapojaza upepo naambiwa niweke psi 36 kwa kuwa "gari la spoti linataka presha". Je, ni kweli?

JIBU: Fuata kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva, na upime matairi yakiwa baridi. Kwa MX-5 ya msomaji wetu wa kwanza, kwa mfano, ni psi 29, na kuongeza hadi 36 hulifanya tairi litegemee sehemu ya katikati tu. Kumbuka pia kwamba presha hupanda kwa takribani psi 1 kila joto linapoongezeka nyuzi 6 hivi, kwa hiyo usiipunguze baada ya safari ndefu ukidhani imezidi. Ukienda uwanja wa mbio, chora mstari wa chaki kutoka kwenye kashata hadi ubavuni kabla ya mizunguko michache. Chaki ikifutika mpaka chini ya bega la tairi, yaani ukingo ambapo kashata hukutana na ubavu, upepo ni mdogo. Ikibaki hata juu ya bega lenyewe, punguza psi 1 au 2 na urudie.