Masizi, ukoko na bluu: maswali yenu kuhusu mitutu midogo

Theluji imeyeyuka, preri dogi wametoka mashimoni na kikapu changu cha maswali kimejaa. Kwa aliye mgeni hapa: preri dogi si mbwa hata kidogo, ni mnyama wa jamii ya kindi anayechimba mashimo malishoni, na wafugaji wengi wa South Dakota, Wyoming na Montana hawamtaki. Wanaomwinda hutumia bunduki za risasi ndogo ziendazo kasi mno (namba kama .17 au .204 kwenye majina yake ni takribani upana wa risasi kwa inchi), na mtu anaweza kurudi jioni amemaliza risasi mia mbili. Ndiyo maana barua zote za wiki hii zinalia jambo moja: mtutu unaochafuka na bunduki inayoanza kupiga hovyo. Nimezifupisha.

*Shikamoo mzee. Asubuhi .204 Ruger yangu inatoboa matundu matano yanayofunikwa na sarafu moja. Ikifika risasi ya arobaini, yametawanyika upana wa kiganja. Mtutu umekwisha? Bunduki ina mwaka wa pili tu. (Msomaji, Wyoming)*

Marahaba. Usiuzike bado. Jaribu mambo mawili, moja moja. Kwanza, yakianza kutawanyika, acha bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, wazi, weka bunduki kivulini mpaka mtutu upoe kabisa, halafu piga tena bila kusafisha. Yakikusanyika, shida yako ilikuwa joto. Risasi arobaini mfululizo zinauchemsha mtutu hadi huwezi kuushika ukahesabu tano. Yasipokusanyika, safisha ndipo upige. Hapo yakikusanyika, ni uchafu. Yakikataa hata baada ya hayo mawili, nenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho.

Nadhani yangu ni uchafu, na sababu ni hesabu tu. Eneo la tundu la .17 halifiki theluthi ya eneo la tundu la .308, na la .204 halifiki nusu yake. Baruti nyingi inalazimishwa kupita penye uwazi mdogo. Tangu .204 Ruger itoke mwaka 2004, tangazo lake limekuwa risasi ya greni 32, yaani gramu mbili hivi, ikienda futi 4,225 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mita 1,290. Kwa kasi hiyo ganda laini la risasi, ambalo kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, linapakaa shaba kwenye mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu kuizungusha risasi. Upako ambao kwenye .308 usingeuhisi, kwako ni sehemu kubwa ya tundu lenyewe.

Sasa, uchafu ni wa aina mbili, na wengi wanausafisha mmoja tu. Kuna masizi ya baruti, yale ya kawaida yanayotoka kwa kitambaa. Yakipigwa joto tena na tena hapo kwenye koo la mtutu, mbele kidogo ya chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), yanageuka ukoko. Kila aliyewahi kusugua sufuria ya wali ulioungua anajua tofauti ninayoisema. Halafu kuna shaba, ambayo mara nyingi utaiona ukimulika tochi mdomoni mwa mtutu: michirizi ya rangi ya chungwa juu ya migongo ya mifuo. Vitu hivi viwili havikai mbalimbali. Vinapishana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma, masizi, shaba, masizi tena. Dawa ya shaba ikiyeyusha shaba hugeuka bluu; ukiimimina juu ya masizi, haifiki inakotakiwa, kitambaa kinatoka hakina bluu, nawe unajisifu kwamba umemaliza.

Kwa hiyo fuata mpangilio. Hakikisha chemba haina kitu, toa bolti. Ingiza lile bomba la plastiki linalokaa mahali pa bolti kuongoza fimbo ya kusafishia, na laza bunduki mdomo ukiinama kidogo, ili dawa isitiririke kwenye kifyatulio na mbao ya kitako. Anza na dawa ya masizi: kitambaa kilicholowa, subiri robo saa, brashi ya bronzi mara kumi hivi, vitambaa vikavu. Ndipo dawa ya shaba, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Vitambaa tena. Ikitoka bluu, rudia kuanzia masizi, kwa sababu huenda umefungua tabaka jipya. Safari ijayo usingoje ya arobaini. Ukishajua bunduki yako inaharibika kwenye risasi ya thelathini na tano, pitisha vitambaa kwenye ya thelathini, hapo hapo porini, dakika tano basi.

*Nimenunua .17 Remington iliyotumika. Fimbo yangu ya .22 haiingii. Nitengeneze kwa waya? (Msomaji, Nebraska)*

Hapana, ndugu yangu, hapana. Nunua fimbo ya .17, ya kipande kimoja, iliyovikwa plastiki au ya nyuzi za kaboni. Fimbo za kuunga vipande zina viungo, na kila kiungo kinakwaruza. Tena fimbo ya .17 ni nyembamba kama mshikaki; ukisukuma kwa nguvu inapinda tumboni na kusugua migongo ya mifuo. Kata vitambaa vidogo mpaka kimoja kipite kwa kusukumwa na vidole viwili. Kikigoma, usipige fimbo kwa kiganja. Kirudishe polepole, ukikate tena.

Na sukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Kitambaa kikitokeza mdomoni, kiache kidondoke, usikivute kurudi na uchafu wake. Risasi hii imekuwepo tangu mwaka 1971 na tangu hapo imesemwa kwamba inachafuka haraka. Nakubali. Lakini nimeona mitutu mingi zaidi ya .17 iliyoharibiwa na fimbo kuliko iliyoharibiwa na kupigwa.

*Vitambaa haviishi kutoka bluu. Nimesafisha siku mbili! (Msomaji, Colorado)*

Kile kichwa cha fimbo kinachoshika kitambaa ni cha nini? Ninauliza kwa sababu nilipoteza Jumamosi nzima hivyo hivyo. Kitambaa cha thelathini kilikuwa bado kinatoka na rangi ya yale maji ya bluu tuliyochovya mashati meupe ya shule, mke wangu kaja hadi gereji kuuliza kama ninafua. Kumbe kichwa cha fimbo kilikuwa cha shaba ya njano. Dawa ilikuwa inakula fimbo, si mtutu. Tumia kichwa kilichopakwa nikeli au cha plastiki. Na brashi ya bronzi usiitie kwenye dawa ya shaba: itakudanganya vilevile, na itakwisha upesi. Hapo tumia ya nailoni.

*Jamaa kazini ananiambia niache dawa yenye amonia usiku kucha ndipo ing'oe shaba yote. (Msomaji, Kansas)*

Jamaa huyo hatalipia mtutu wako. Dawa kali ya amonia ikiachwa ikakaukia humo inaweza kuchimba chuma, ukabaki na vijishimo vinavyokamata shaba zaidi kuliko mwanzo. Kama huna haraka, zipo dawa za povu na nyingine zisizo na amonia ambazo chupa yenyewe inaruhusu zikae saa nyingi. Fungua dirisha, vaa glavu, usichanganye dawa mbili mtutuni bila kukausha ya kwanza, na dawa ya amonia isikutane kamwe na klorini ya kufulia. Moshi wake ni sumu.

*Nikishasafisha, risasi ya kwanza inakwenda pembeni kabisa. (Msomaji, Montana)*

Kawaida. Mitutu mingi inataka risasi mbili tatu za kuizoea hali yake, mingine tano. Pitisha kwanza kitambaa kikavu kutoa mafuta, maana mafuta yaliyoachwa mtutuni yanaongeza presha na kuhamisha risasi. Ndiyo maana sisafishi asubuhi ya kuondoka. Nasafisha jana yake, napiga tatu uwanjani, naiacha hivyo.

*Nina .17 HMR. Haya yote yananihusu? (Msomaji, Minnesota)*

Kidogo sana. Ile inatupa greni 17 kwa futi 2,550, mwendo wa mtu mzima ukilinganisha na hizo nyingine. Safisha matundu yanapoanza kutawanyika, si kila Jumapili. Chemba ndiyo uiangalie zaidi.

*Nasikia kuna baruti isiyoacha shaba. Ni kweli au biashara? (Msomaji, South Dakota)*

Vyote viwili. Wazo ni la zamani: mizinga ya Wafaransa ilitiwa bati kwenye baruti ili shaba ishindwe kung'ang'ania. Kampuni ya baruti ya Hodgdon inauza baruti ya CFE 223 kwa wazo la aina hiyo, na wanaojijazia risasi wengi wanaisifu kwamba inachelewesha shaba. Inachelewesha, haifuti, na masizi yapo palepale. Fuata kipimo cha kitabu cha kiwanda, usikisie.

*Nimesafisha mpaka kitambaa kinatoka cheupe, bado inapiga hovyo. .22-250, ya marehemu baba mkwe. (Msomaji, Wyoming)*

Poleni kwa msiba. Hapa weka fimbo chini, chukua bisibisi. Skrubu za darubini, halafu skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako. Zilizolegea zinatawanya risasi sawasawa na mtutu mchafu, na watu wanasugua miezi bila kuzigusa. Kisha jaribu risasi za boksi lingine. Kisha pitisha pamba ya masikio kuzunguka mdomo wa mtutu kwa ndani: ikinasa nyuzi mahali, pana mkwaruzo, na fundi anaweza kuuchonga upya.

Likibaki koo, kuna kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu. Utaona ama ukoko, utepe mweusi unaong'aa kama lami mbele ya chemba, ama chuma kilichopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Ukoko unatoka: dawa ya masizi ikae, na ukishindwa, pasta laini ya kusugulia, mikupuo mifupi hapo kooni tu. Mipasuko haitoki. .22-250 iliyopigwa moto moto miaka mingi hula koo lake, na hapo kilichobaki ni mtutu mpya. Mwili wa bunduki ya baba mkwe utabaki ule ule, na ukitaka, mtutu wa zamani fundi atakurudishia ukautundike ukutani.