Bibi aliyekataa uji siku ya Majivu

Kama hii ni Kwaresima yako ya kwanza kutembelea wagonjwa, mgonjwa akikuuliza swali la imani usikimbilie kujibu. Vuta kiti ukae. Mimi nilijifunza hilo mwaka 2025, kwa kukosea.

Nilikuwa padre mgeni hospitalini. Asubuhi ya Jumatano ya Majivu sista wa zamu akanipigia: bibi mmoja wa kisukari, mwenye kidonda mguuni, kachomwa sindano yake ya insulini kisha kakataa uji. Anafunga.

Nilimkuta ameketi kitandani, kajitanda kitenge. Bakuli la uji lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kwa sahani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Baba. Kama wamekutuma kwa habari ya uji, rudi."

Nikammwagia sheria yote. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Majivu na Ijumaa Kuu, zinawabana walio na miaka 18 hadi watakapotimiza 59, mgonjwa hamo, hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimhusu yeye wala anayemuuguza. Yote kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mimi nafunga Jumatano na Ijumaa tangu sijaolewa. Kulima siwezi tena. Kanisani sifiki. Na kufunga nako unaninyang'anya. Sasa Mungu nimpe nini?"

Nikakosa la kusema. Jasho lilishaanza kumtoka, vidole vinatetemeka: sukari yake ilikuwa imeshuka. Sista akaja na chai yenye sukari nyingi, bibi akainywa huku analia. (Kuhusu uji wenyewe sina mjadala: sindano ikishaingia, mgonjwa ale. Anayemwambia avumilie kwa imani atolewe wodini.) Lakini swali lake halikuwa la sheria, nami nilikuwa nimekwenda na sheria tu.

Mchana nikapita na majivu. Misale inatupa maneno ya kuchagua: "Kumbuka, u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi," au "Tubuni na kuiamini Injili." Kwa wenye saratani nilikuwa nimeshajiamulia kutumia ya pili, nisiwatishe. Mzee mmoja akanishika mkono kabla dole gumba halijafika kwenye paji la uso. "Padre, lile la mavumbi umelificha wapi? Daktari ameshaniambia. Niambie na wewe." Nikamwambia. Akafumba macho, akaitikia "Amina" kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni lake. Siku hizi nauliza kwanza.

Kwa jumuiya zinazokuja saa ya kuona wagonjwa: msije watu kumi na watano kuzunguka kitanda kimoja mkaimba hadi wodi nzima ishike vichwa. Wawili watatu wanatosha. "Ni mapenzi ya Mungu" liacheni mlangoni. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na walipoanza kusema ndipo walipoharibu. Msisubiri pia mpaka usiku wa mwisho ndipo mniite kwa Mpako wa Wagonjwa. Tangu mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba si sakramenti ya wanaokata roho peke yao, lakini hadi leo nikitoa chupa ya mafuta ndugu wanaanza kupigiana simu za msiba.

Nirudi kwa bibi. Mwaka ule Ramadhani ilikuwa imeitangulia Kwaresima kwa siku chache tu, na jirani yake wa kitanda alikuwa mama Mwislamu, naye hafungi kwa ugonjwa. Kesho yake nilikaa katikati yao, safari hii bila kusema sana. Yule mama ndiye aliyeuliza:

"Sisi mgonjwa hula, akipona anazilipa siku zake. Kwani nyinyi hamlipi?"

Bibi akanigeukia. Kanuni nilikuwa nayo ulimini: kwetu hakuna kulipa. Nikanyamaza.

"Basi nami nitalipa," akasema bibi.

Akaomba uzi wa kufumia kwa mjukuu wake. Kila Jumatano na Ijumaa alikula uji wake wote, akapiga fundo moja, akaufutika uzi chini ya mto. Aliporuhusiwa mwishoni mwa Machi, mafundo yalikuwa saba. Alinionyesha, akayahesabu mbele ya jirani yake kama shahidi, kisha akaniuliza kama Kipindi cha Pasaka kinaruhusu kuanza kulipa au asubiri Pentekoste.

Nilimwambia amalize dawa kwanza.