Mlimani Napo Palikuwa Tawi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara mbili: "Mama, nimechaguliwa Mkwawa. Hivi kile ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kweli, au ni tawi tu la sisi tuliokosa Mlimani? Na chuo cha Dar kinatafuta nini Iringa?" Jibu lake halienei kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mlimani, kampasi kuu unayoililia, napo palianza kama tawi la watu. Oktoba 1961, bendera ya mkoloni bado inapepea, chuo kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU, mtaa ambao leo tunauita Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi hawafiki hata 15. Jengo la kuazima, na chuo chenyewe kiko chini ya Chuo Kikuu cha London! Mwaka 1963 kikawa mkono mmoja wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Kusimama kwa miguu yake chenyewe ni mpaka 1970. Hata lile kamusi langu la TUKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo hicho, lenye gamba lililochanika, lina ukoo wa kuhamahama: kamati ya Kiswahili iliyozaa TUKI ilizunguka Dar, Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kurudi nyumbani.

Tangu hapo chuo kile kimekuwa kama kuku mwenye vifaranga. Kitivo cha kilimo kilikuwa Morogoro. Mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Muhimbili na Ardhi nao walikaa chini ya bawa miaka mingi, wakaota manyoya, wakaondoka 2007. Wengine bado wamo: Chang'ombe, Mkwawa, watu wa afya kule Mbeya, watu wa bahari kule Zanzibar. Sasa wanajenga Kagera na Lindi.

Mkwawa yako na Chang'ombe zilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2005, na sababu yake niliiona kwa macho yangu. Shule za kata zilikuwa zinaota kama uyoga. Shuleni kwetu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili peke yangu, kidato cha kwanza hadi cha nne, na madaftari ya kusahihisha nikiyabeba nyumbani kwenye kiroba cha sembe. Wewe ulikuwa mdogo, ukiyapanga sakafuni kama matofali. Hisabati ilifundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, akisubiri matokeo yake. Serikali ilitaka walimu wenye shahada, wengi, na upesi. Mlimani pasingeweza kuwameza wote, kwa hiyo chuo kikawafuata kwenye majengo yaliyokuwepo.

Na majengo yenyewe, mwanangu! Yalijengwa na wakoloni yawe shule ya watoto wa Kizungu, wakaiita kwa majina ya watakatifu Mikaeli na George. Leo yanaitwa kwa jina la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyewasumbua Wajerumani mpaka wakachukua fuvu lake, lililorudi 1954. Mimi jambo hili hunichekesha kila nikilikumbuka.

Cheti utakachopewa ni cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuna mahali kimeandikwa "daraja la pili". Ila sitakudanganya kwamba utapata kila nilichopata mimi. Utaikosa ile maktaba kubwa, na utakosa kukaa meza moja na wahandisi na wanasheria, kubishana mpaka chai ipoe. Hayo yana thamani yake. Lakini pia utakosa kubebana, wawili kitanda cha mmoja, mwenzako akigeuka nawe unageuka, hilo sikutakii.

Huenda pia unajiuliza chuo cha namna hii ni cha kazi gani. Chuo chenyewe husema kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Mimi hupenda mfano wa Mwalimu Nyerere: kijiji chenye njaa kinampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake. Akila asirudi, amewasaliti. Mlimani tuliurudia mno mfano huo, tena wengine kwa kejeli, tukisubiri posho. Nilipopangwa kijijini na sanduku langu moja, sikuweza kuucheka tena.

Sasa mambo ya maana. Iringa ni baridi, wewe umezoea joto la Tanga. Nunua blanketi zito hukuhuku, usingoje bei za wanafunzi wapya. Baba yako anasema nauli ataituma Ijumaa. Na Jumamosi yako ya kwanza nenda makumbusho ya Kalenga, ukalione lile fuvu, unipigie uniambie limewekwaje.

Mama yako